Kifurushi kina stakabadhi, begi la abiria halina

Ndugu Mhariri,

Ukienda leo kwenye ofisi ya basi na kiroba cha dagaa unachompelekea shangazi yako Masaka, karani atakipima, ataandika jina lako na la mpokeaji pamoja na namba za simu, atakata stakabadhi, kisha namba ya stakabadhi ataiandika kwa maka peni juu ya kiroba. Ukienda na begi lako la mgongoni kupanda basi hilohilo, utingo atalipokea kwa mkono mmoja, atalisukuma butini na kukuambia, "Panda, panda, gari inatoka." Dagaa wana karatasi. Begi la mtu aliyelipa nauli halina. Vyote viwili vikipotea Kampala, dagaa watadaiwa ofisini, begi litalalamikiwa stendi.

Tunaoandika ni sisi tunaopokea, kupanga na kushusha mizigo ya abiria hapa Mwanza. Tunawaona vijana wanaokwenda kuzunguka ziwa na begi moja mgongoni: Mwanza hadi Bukoba kwa meli au kwa barabara, Mutukula, Masaka, Kampala, Jinja, Busia, Kisumu, Isebania, kisha Sirari, Tarime, Musoma na kurudi nyumbani. Wengine hupitia Rusumo kwenda Kigali kwanza. Wageni kutoka mbali nao hufanya mzunguko huohuo. Ni safari nzuri, na hatuandiki ili kumtisha mtu. Tunaandika kwa sababu wengi wanaopotelewa na begi ugenini hawakuibiwa kwa ujanja wowote mkubwa. Begi lilishushwa mahali, halikupandishwa tena, na hakukuwa na karatasi ya kulidai.

Gari likiwa kwenye mwendo, begi liko salama. Hatari iko pale linapotoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule. Zamani kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa mojawapo ya sehemu hizo: abiria anashuka, basi linaingia kivukoni peke yake, na kwa muda huo macho yako hayako kwenye buti. Tangu daraja la kilomita 3 lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025 hatua hiyo imeondoka, na ni afadhali kubwa. Zimebaki nyingine.

Kwanza ujue buti linavyopangwa. Mizigo ya wanaokwenda mbali huingia kwanza na kusukumwa ndani kabisa, ya wanaoshuka karibu hukaa mlangoni. Hiyo ndiyo nadharia. Siku yenye vifurushi vingi mpango huo huvunjika, na ya Kampala hukaa mbele ya ya Geita. Gari likifika Geita, ili kiroba cha nyuma kitoke, mabegi matano ya mbele huwekwa chini, juu ya vumbi, taa ikiwa ni ya simu ya utingo. Kisha yanarudishwa harakaharaka dereva akiwa tayari anapiga honi. Begi jeusi lililoegemea tairi upande wa giza ndilo linalobaki. Kwa hiyo gari likisimama kushusha mzigo, anayekwenda mbali ashuke pia. Asimame karibu na buti, si kwenye meza ya mahindi ya kuchoma, mpaka mlango ufungwe. Ni dakika tano tu. Na mwanzoni kabisa, mwambie utingo kwa heshima, "Kaka, mimi nafika Kampala, liweke la ndani," kisha lipige picha likiwa limekaa mahali pake, mlango wa buti na namba ya gari vikionekana.

Mabasi mengi yana milango ya buti pande zote mbili. Hapa kwetu, Kenya na Uganda gari huenda upande wa kushoto, hivyo abiria hushukia upande wa nje ya barabara na huona buti la upande huo. Ukivuka Rusumo mambo yanageuka, kwa sababu Rwanda wanaendesha kulia. Basi la Tanzania likisimama kando ya barabara kule, mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, na buti la upande wa kulia, ambalo huna mazoea ya kuliangalia, ndilo linaloelekea watu na maduka. Mtu anaweza kulinda mlango wa kushoto saa nzima, begi likatolewa kwa upande mwingine. Burundi nao wanaendesha kulia.

Sasa lebo. Mabasi ya Mwanza hubeba samaki, na huo ndio uchumi wetu, hatulalamiki. Lakini barafu huyeyuka. Maji ya sato na sangara hutiririka sakafuni mwa buti, hulowesha karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, wino wa kalamu ya kawaida hutawanyika, na gundi huachia kabla ya kufika mpakani. Anayepanda gari lililobeba ndizi kutoka Bukoba ana tatizo jingine: utomvu. Ukidondokea maandishi huyafunika kwa doa jeusi lisilotoka hata kwa mafuta ya taa. Lebo inayodumu ni hii: kata kipande cha turubai au ngozi ya bandia, upana wa vidole vinne, andika kwa maka peni isiyofutika, kishone kwenye mshikio kwa uzi wa kushonea viatu. Mafundi viatu wa stendi wanafanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Kukifunga kwa kamba hakutoshi, maana mafundo hufunguka na kamba hunasa kwenye bawaba. Andika jina, namba ya simu ukianza na +255, namba ya ndugu aliyeko nyumbani, na mji unaokwenda. Usiandike anwani ya nyumbani; anayeokota begi lako hahitaji kujua nyumba iliyoachwa bila mtu. Karatasi ya pili yenye maelezo hayohayo ikae ndani, juu kabisa ya nguo, ili lebo ya nje ikitoka, atakayefungua zipu ajue ni la nani.

Begi jeusi lina ndugu wengi. Shona kiraka cha kitenge cha rangi kali upande wa mbele na upande wa mgongoni, ili hata likilala kifudifudi lionekane. Mikanda ya begi la mgongoni ni adui mwingine. Mpakiaji hulivuta kwa mkanda wowote anaoushika, ule ukikatika begi huanguka, na mkanda unaoning'inia ukinaswa na bawaba za buti huchana begi zima. Ifunge yote kwa ndani, au ingiza begi zima kwenye kiroba kikubwa na kukishona mdomo kwa sindano ya gunia. Wengi wanafanya hivyo na ni njia nzuri, ila kiroba kisicho na maandishi makubwa kitafanana na viroba vya dagaa vilivyopo, na kitashushwa na dagaa. Andika ABIRIA kwa herufi za urefu wa kiganja, pande mbili, pamoja na namba ya kiti.

Kuna vitu ambavyo haviingii butini hata kwa dakika moja. Pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda huidai mpakani. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani bado ina thamani na haifai kupotezwa ovyo. Dawa za kila siku, angalau za siku tatu. Simu, chaja, miwani, fedha. Hivyo vikae kwenye mkoba wa kifuani, na mkoba huo ukilala unalala nao. Kama una begi dogo la pili la kuweka kwenye rafu ya ndani ya basi, usiliweke juu ya kichwa chako, kwa sababu hapo huwezi kuliona. Liweke rafu ya upande wa pili, mbele kidogo ya kiti chako, ili kila anayeligusa umwone bila kusimama.

Kwa meli ya Bukoba hatari iko alfajiri. Meli ikifika Kemondo kabla ya Bukoba, makuli hupanda, watu hushuka, mizigo hutembea, na abiria wa Bukoba wengi bado wamelala. Begi lililowekwa sehemu ya wazi pamoja na mizigo ya wengine linaweza kushuka Kemondo kwa bahati mbaya tu. Lala nalo ubavuni, au lifunge kwa mnyororo kwenye nguzo. Ukimpa kuli akushushie, tembea nyuma yake, usimtangulie.

Mpakani ndipo penye mengi. Mutukula, Rusumo, Busia na Sirari–Isebania ni vituo vya pamoja. Abiria hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja, la nchi anayoingia, na gari huvuka likamsubiri ng'ambo. Katikati hapo maofisa wa forodha wanaweza kuagiza buti lifunguliwe, mabegi yapangwe chini au juu ya meza. Baada ya ukaguzi kila mtu hudhani utingo atalirudisha begi lake, na utingo hudhani kila mtu atarudisha lake. Hapo ndipo mabegi yanabaki mezani, au yanapakiwa kwenye basi la kampuni nyingine lililosimama sambamba. Ukigongewa muhuri, nenda moja kwa moja kwenye mabegi, usiende kwanza kubadilisha fedha. Lishike lako, liingize butini mwenyewe.

Usimshikie mtu usiyemjua mzigo, hata mama mwenye mtoto mgongoni akuombe kwa upole. Msaidie mtoto, mzigo aubebe mwenyewe. Sababu moja inatosha: mirungi inauzwa kihalali Kenya na ni dawa ya kulevya Tanzania. Kati ya Isebania na Sirari ni hatua chache, na mzigo ulio mkononi mwako ni wako.

Begi lililozuiwa forodha si begi lililopotea, na watu huchanganya mambo haya mawili wakaanza kulia polisi. Nguo ulizovaa na vitu vyako vya safari havikuletei shida. Ukibeba vitenge kumi na viwili vipya vilivyokunjwa dukani, au simu tatu ndani ya maboksi yake, ofisa ataona biashara. Akilishikilia begi, omba karatasi yenye jina la ofisi, orodha ya vitu na tarehe, na usiondoke bila karatasi hiyo. Tena, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Vijana wengi hufunga nguo na viatu kwenye nailoni wakiogopa mvua, wakifika Rusumo wanatakiwa kuzitoa zote, begi linamwagwa mezani, foleni inasukuma, na kiatu kimoja au chaja hubaki. Tumia mifuko ya kitambaa. Ukitaka kinga ya mvua, koti la mvua la begi linatosha.

Na saa! Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Konda akisema Rusumo, "Tunaondoka saa nne," muulize saa nne ya Tanzania au ya Rwanda. Anayekosea hapo huachwa na gari, na begi lake huendelea na safari bila yeye. Hilo likikutokea, piga simu kwa konda mara moja (namba yake uwe umeichukua kabla ya kuondoka Mwanza), umpe namba ya kiti na alama za begi, umwombe alikabidhi ofisi ya mwisho wa safari na akutumie jina la aliyelipokea. Usikubali "nitaliacha hapo getini".

Tuseme umefika, buti limefunguliwa, begi halipo. Usiondoke pale. Usikubali gari liende kuoshwa au kulala kabla hujalikagua: buti la kushoto, la kulia, la nyuma, chumba cha kulala dereva wa zamu, na chini ya viti vya mwisho. Subiri mizigo yote ishuke. Kisha tazama kama kuna begi lililobaki lisilo na mwenyewe.

Hapo tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopoteza nafasi yao. Begi likichukuliwa kwa kufananishwa, aliyelichukua ameacha la kwake. Begi linalobaki ndilo litakalomrudisha yeye. Lisitoke ofisini. Lipigwe picha, lifunguliwe mbele ya karani na shahidi mmoja ili kutafuta jina au namba ya simu, lifungwe, liandikwe kwenye daftari. Usiende nalo gesti kwa hasira ukisema na wewe umeshika lake. Mwenyewe akitoa taarifa polisi kabla yako, wewe ndiye uliyechukua begi la mtu. Mtu wa namna hiyo akifika kwake na kufungua zipu hushtuka, na mara nyingi hurudi stendi siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Kwa hiyo usisafiri kwenda mji mwingine usiku huo.

Kama hakuna begi lililobaki, waombe ofisini orodha ya abiria walioshuka njiani na mahali waliposhukia. Tiketi zina majina na namba za simu, karani anaweza kuwapigia yeye mwenyewe bila kukupa namba hizo. Andika malalamiko kwa mkono, nakala mbili: tarehe, saa, namba ya gari, namba ya kiti, mahali ulipopandia, mara ya mwisho ulipoliona begi, rangi, ukubwa, alama na vilivyomo. Moja waache ofisini, nyingine igongwe muhuri ubaki nayo. Nyuma ya tiketi nyingi pameandikwa kwamba mzigo ni jukumu la abiria. Maneno hayo yasikufunge mdomo. Andika, gongesha muhuri. Kwa gari lililosajiliwa hapa, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukirudi. Kenya mamlaka yao ni NTSA, Rwanda ni RURA.

Ukiwa Uganda usidhani Kiswahili kitafika kila mahali. Sema "ensawo yange ebuze", yaani begi langu limepotea, na yeyote aliyesimama hapo atakuelekeza. Tena jua kwamba "taxi" ya Kampala ni daladala yetu. Ukimwambia polisi umesahau begi kwenye taxi, ataelewa gari la abiria kumi na wanne na atakuuliza ulipandia maegesho gani.

Polisi ni lazima, hata kama huna matumaini ya kulipata, kwa sababu karatasi yao ndiyo inayofungua ofisi nyingine zote. Hapa kwetu tumezoea kuuliza RB, yaani namba ya taarifa uliyotoa kituoni. Kenya utaomba namba ya OB, ya daftari la matukio, na karatasi ya kuthibitisha taarifa wanayoiita abstrakti. Uganda utapewa namba ya SD, ya daftari la kituo. Rwanda, ikiwa ni wizi, anayepokea ni RIB, idara yao ya upelelezi. Taarifa itolewe katika nchi na wilaya ambayo begi limepotelea. Watu huvuka mpaka kwanza wakidhani watatoa taarifa nyumbani kwa Kiswahili chao, na polisi wa nyumbani hawawezi kuandikia tukio la Jinja.

Pasipoti ikiwa ndani ya begi, baada ya polisi unakwenda ubalozi. Tanzania ina balozi Kampala, Nairobi, Kigali na Bujumbura, hivyo aliyepotelewa Kisumu ana safari ya Nairobi. Utaomba hati ya dharura ya safari ya kukurudisha. Kinachorahisisha kazi ni picha: ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, na ule uliogongwa muhuri wa kuingia nchini humo. Huo wa pili watu huusahau, nao ndio utakaoonyesha kwamba uliingia kwa njia halali wakati pasipoti yenyewe haipo. Piga picha hizo ukiwa bado mpakani, jitumie kwa barua pepe, mtumie na ndugu mmoja.

Simu ikienda na begi, hesabu dakika. Azima simu, mpigie ndugu nyumbani, yeye apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, afunge laini na akaunti ya fedha. Ukiwa nje huwezi kuipiga namba hiyo kwa laini ya nchi nyingine. Laini mpya ya namba yako huipati ugenini, kwa kuwa usajili wetu ni wa alama za vidole na unatakiwa uwepo mwenyewe. Ndiyo maana fedha zote zisikae kwenye simu. Bonyeza *#06# kabla ya safari, nakili ile namba ya utambulisho wa simu (IMEI) yenye tarakimu 15 kwenye daftari, polisi wataiuliza.

Kwa ndege tutapita haraka, maana huko angalau kuna sheria iliyoandikwa. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unahusu safari za kimataifa. Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke ukumbini; nenda dawati la mizigo ujaze taarifa, upewe namba yenye herufi tano na tarakimu tano, herufi tatu za mwanzo zikiwa za uwanja, kwa mfano NBO au EBB. Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia, na kibandiko cha tarakimu 10 ulichopewa wakati wa kukabidhi begi ndicho ushahidi, kwa hiyo usikitupe na tiketi. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kufika, unaweza kulidai kama lililopotea. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 fidia ya juu ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 2,000 za Marekani, na hupewi kiasi hicho kwa kuomba tu, unathibitisha hasara. Tunza risiti za mswaki, nguo za ndani na shati ulilolazimika kununua. Mwenye kuunganisha Dar es Salaam kuja Mwanza akumbuke kwamba kwa kawaida hulichukua begi Dar apite nalo forodha, hata kama kibandiko kimeandikwa MWZ. Wanaokuja moja kwa moja kwenye ndege ya pili huliacha likizunguka kwenye mkanda kule. Na kama ulinunua tiketi mbili tofauti badala ya moja, shirika la kwanza litasema kazi yake iliishia Dar.

Begi likipatikana baada ya wewe kurudi, kuna kazi ya kulivusha. Begi bila mwenyewe mpakani ni kifurushi, na litafunguliwa. Kufuli la namba lina faida hapo, unataja tarakimu kwa simu. La ufunguo litakatwa na zipu itachanika nalo. Tuma orodha ya vilivyomo, nakala ya kitambulisho na barua fupi ya idhini kwa ofisi inayolileta, ukitaja kampuni badala ya dereva kwa jina la utani. Lipa ukilipokea. Kabla ya kusaini, lifungue palepale mbele ya karani, uone kilichopungua na, muhimu zaidi, kilichoongezeka.

Tena, ukitangaza begi lililopotea, usitaje kila kilichomo. Bakiza kitu kimoja, mathalani rangi ya taulo. Atakayepiga simu akisema ameliokota na anaomba utume nauli kwenye namba fulani, muulize taulo ni rangi gani. Wale wa "tuma kwenye namba hii" hukata simu hapo.

Yote haya, Ndugu Mhariri, abiria anajikokota nayo kwa sababu ya karatasi moja ambayo hapewi. Tunachoomba kwa wenye mabasi yaendayo nje, na kwa LATRA inayosimamia leseni zao, ni lebo ya vipande vitatu yenye namba moja. Kipande cha kwanza kiwe cha plastiki ngumu, kifungwe kwenye mshikio kwa kibano kisichofunguka bila kukatwa. Cha pili kibandikwe nyuma ya tiketi. Cha tatu kibaki kwa konda kwenye orodha, mbele ya jina la abiria na mji anaoshukia. Mutukula au Sirari, kabla mlango wa buti haujafungwa, konda ahesabu mabegi na vipande alivyonavyo. Vikipishana, gari lisiondoke. Kule mwisho wa safari, begi lisitoke butini bila namba mbili kulinganishwa, hata kama mvua inanyesha na watu wanapiga kelele. Lebo zimeshazoeleka ofisini, makarani wa vifurushi wanaziandika kila siku, na kazi hiyo kwa basi la abiria hamsini haizidi robo saa. Kama robo saa inapatikana kwa ajili ya dagaa, ipatikane pia kwa abiria.

Ni sisi,
Makarani na wapakiaji wa mizigo ya abiria,
Mwanza